Hakuna Kinachopotea

Nilipoanza kuhamisha muziki wa nyumba yetu kutoka kwenye sidii, kanda na santuri na kuutia katika diski moja isiyozidi ukubwa wa kitabu cha tenzi, nilikuwa na maneno mawili niliyomwambia kila mgeni aliyekanyaga sebule yangu hapa Migosi, Kisumu: hakuna kinachopotea. Nilikuwa nikizungumzia FLAC, mfumo wa kubana sauti uliotolewa mwaka 2001, ambao hupunguza faili hadi karibu nusu ya ukubwa wake bila kutupa chochote, tofauti na MP3 ambayo hutupa yale inayodhani sikio halitayakosa. Saa moja ya sidii, nilieleza, ina vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde kwa kila spika, na jumla yake ni takriban megabaiti 635. Mke wangu aliisikia hesabu hiyo mara nyingi hata akawa anaimaliza kabla yangu, huku akisonga ugali.

Sidii hazikunipa taabu kubwa. Kila moja ilimezwa kwa dakika chache, na shida ilikuwa majina tu, kwa kuwa sidii ya kawaida huwa haibebi majina ya nyimbo. Programu huhesabu nyimbo na urefu wake, kisha huenda kuuliza kwenye intaneti ni sidii gani yenye vipimo kama hivyo. Sidii moja ya benga niliyochomewa Kondele zamani ilirudi na jina la bendi ya Kijerumani, nami nikacheka peke yangu na kurekebisha. Tangu siku hiyo nilikagua majina ya nyimbo kwa makini kama karani wa mahakama. Kusikiliza zilizomo ndani ya faili ni jambo ambalo sikulifikiria.

Kanda ndizo zilizonifundisha subira, maana kanda haina njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60, upande mmoja dakika 30, unageuza, dakika 30 nyingine. Nilikuwa na deki ya mtumba niliyoipata soko la Kibuye, nikaisafisha kichwa kwa pamba na spiriti, nikakaza kanda zilizolegea kwa penseli kama tulivyofanya utotoni. Miongoni mwa kanda hizo kulikuwa na moja ambayo mama mkwe wangu alikuwa ameniazima kutoka kwao Vihiga, imefungwa kwa leso: kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa mwaka 1988, na nakala pekee iliyobaki. Mke wangu alinikabidhi akaniambia niishike kama yai.

Niliishika kama yai. Tatizo lilikuwa waya. Kipakatalishi changu kina kitundu kimoja tu cha sauti, na kitundu cha aina hiyo hutaka plagi yenye mikanda mitatu myeusi ili kitambue kwamba kuna sauti inayoingia. Plagi yangu ilikuwa na mikanda miwili. Kipakatalishi kilipoona hivyo, hakikulalamika wala kutoa onyo lolote; kiliendelea kutumia maikrofoni yake chenyewe, ile iliyojificha juu ya kioo. Kwa kuwa kwaya ilikuwa ikiimba kwa sauti kubwa kwenye spika za sebuleni, maikrofoni iliisikia, na mawimbi yalicheza kwenye skrini vizuri kabisa. Niliyatazama, nikaridhika, nikajitengenezea chai.

Ndugu yangu anayeishi Ahero alinipigia simu mara mbili mchana huo, mara ya kwanza kanda ikiwa upande wa kwanza na mara ya pili baada ya kuigeuza. Sisi wawili tukizungumza kwa simu, majirani hawahitaji kuuliza habari.

Baadaye niliipitisha rekodi kwenye hatua zote ambazo bingwa hupitisha. Niliondoa mvumo wa kanda, nikaipandisha sauti hadi karibu na kilele, nikazipa pande mbili majina yake, nikabana kwa FLAC, nikaweka kwenye diski. Sikuisikiliza hata sekunde moja, kwa sababu ilikuwa zamu ya santuri za rumba za marehemu baba, na mtu mwenye santuri thelathini mbele yake hana saa moja ya kupoteza kwenye kwaya.

Mwezi Februari mama mkwe alikuja kumwona mjukuu mchanga, akifuatana na wanakwaya wenzake watatu na mjomba wa mke wangu, mzee ambaye ndiye mshika hesabu ya mahari katika ukoo wao. Tulichinja kuku wawili. Baada ya chai mke wangu alitangaza, kwa fahari ambayo bado inaniuma, kwamba mume wake ameiokoa ile kanda. Nikasimama nikatoa mhadhara. Niliwaonyesha simu yangu na kueleza kwamba simu ni ya kuamrisha tu. Kile kisanduku kidogo juu ya ampilifaya huvuta muziki chenyewe kutoka kwenye diski kupitia waifai, hivyo hata simu ikizimika wimbo hauwezi kukatika. Nikamalizia kwa maneno yangu mawili. Wazee wakaitikia, "Bwana asifiwe."

Jambo la kwanza kusikika lilikuwa jogoo wa jirani. Kisha kwaya ikaingia kwa mbali, kama inaimba ndani ya tangi la maji, na pikipiki ikapita katikati ya beti. Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, akisikiliza. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya juu akaanza kuongoza pambio, na hapo, karibu kuliko kwaya yote, safi bila mvumo wowote, nikajisikia nikisema:

"Hapana, si matanga. Ni kanda ya kwaya. Huyu mama anayeongoza sijui nani alimkaribisha kwenye kipaza sauti, anapanda noti kama trekta la miwa lenye tela tatu likipanda mlima."

Wanakwaya watatu waligeuka kwa pamoja wakamtazama mama mkwe. Ndipo nilipojua ni nani aliyekuwa akiongoza mwaka 1988.

Nilibonyeza simu isimamishe. Simu, ambayo ilikuwa imeachia waifai na kuhamia bando, ikaniambia inatafuta kifaa. Nikabonyeza tena. Inatafuta kifaa. Wimbo, kama nilivyokuwa nimewaahidi wageni, haukukatika. Ilibaki kuzima ampilifaya kwa mkono, lakini ampilifaya ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kiti cha mama mkwe, kiti nilichompa mwenyewe kwa heshima kwa kuwa ndicho kilicho katikati ya spika mbili ambapo sauti hukutana vizuri. Kwa Wajaluo na kwa Waluhya pia, mkwe hamsogelei mama mkwe wake, sembuse kuinama juu ya bega lake akipapasa vitufe. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule, mkono mmoja hewani, kama askari wa trafiki ambaye magari yamekataa kumtii.

"Mama," nikaanza.

"Keti, mkwe," akasema bila kugeuka. "Acha trekta lipande."

Nikaketi. Tulisikiliza upande wote wa kwanza. Kuna mahali nilipiga chafya, mahali nilipomwita mtoto alete sukari, na mahali nilipojaribu kuimba besi, jambo ambalo wanakwaya walilipokea kwa ukimya mzito kuliko ule wa trekta. Nilianza kujipa moyo kwamba mabaya yamekwisha. Nilikuwa nimesahau kwamba nilizipanga faili hizo zifuatane bila pengo lolote, kazi iliyonigharimu jioni nzima. Upande wa pili ukaanza wenyewe.

"Hao ng'ombe wawili wakae hapo Ahero kwanza wanenepe," sauti yangu ilisema, juu ya wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mavuno. "Wakwe wakiuliza tena, nitawaambia Mto Nyando ulifurika ukawabeba."

Mjomba aliweka kikombe mezani polepole. Akatazama nje ya dirisha, ambako vumbi la Februari lilikuwa limetanda juu ya mabati, na ambako mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa.

"Mkwe," akauliza, "mto huo ulifurika lini?"

Nilisema kwamba ulikuwa ukikaribia kufurika. Hata mke wangu alicheka, na sikumlaumu.

Ng'ombe wale walipandishwa lori kule Ahero siku nne baadaye, wakafika Vihiga wakiwa, kama nilivyosema mwenyewe kwenye rekodi, wamenona. Nilinunua waya unaofaa, pamoja na kifaa kidogo cha kuingiza sauti kupitia tundu la USB, nikaihamisha kanda upya, safari hii nikiwa nimevaa spika za masikioni na mdomo umefungwa. Na lazima niseme ukweli: mama mkwe aliimba vizuri sana. Kilichofanana na trekta ni maikrofoni ya kipakatalishi.

Faili za zamani nilikuwa nimezifuta usiku uleule, wageni walipoondoka. Asubuhi yake mke wangu aliniuliza kwa upole kama nakumbuka nilivyomfundisha kwamba kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja tu hakijahifadhiwa. Nakala moja ilikuwa kwenye diski ya akiba, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake anao yeye. Nyingine ilikuwa imeshapanda matatu ya Mbale jioni iliyotangulia, ndani ya pochi ya mama yake, kwenye flashi niliyomnunulia mimi mwenyewe kwa ajili ya nyimbo za kwaya.