API na biashara za Mombasa: tuunganishe mifumo, lakini si yote

Kontena linaloshushwa Kilindini hutambuliwa kwa herufi nne na tarakimu saba. Wakala wa forodha huziandika kwenye mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya mapato, kwenye mfumo wa KenTrade, shirika la serikali, anapoomba vibali, kwenye mawasiliano na kampuni ya meli, kisha kwenye programu ya hesabu ya ofisi yake ili amtoze mteja. Karani akikosea tarakimu moja, hati hazilingani, mzigo unakaa na gharama ya kuuhifadhi inazidi kupanda. Ukitaka kujua kwa nini makampuni hulipia kuunganisha mifumo yao kwa API, anzia kwa karani huyo anayerudia kazi ileile siku nzima.

API ni utaratibu uliowekwa wazi ili mfumo mmoja uuulize mwingine jambo, au uuagize, bila mtu kukaa katikati. Programu ya duka inauliza kama malipo yameingia. Mfumo wa malipo unajibu papo hapo.

Hapo kwenye malipo ndipo faida ilipo wazi zaidi. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, jukwaa linalowawezesha watengenezaji programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Duka ambalo halijaunganishwa, tuseme la vitambaa pale Biashara Street, keshia wake husoma ujumbe kwenye simu ya mteja, na matapeli wanajua kutengeneza ujumbe bandia. Jioni mhasibu anakaa na taarifa ya paybill, yaani namba ya M-Pesa ya kupokea malipo, akilinganisha kila muamala na risiti yake. Duka lililounganishwa humtumia mteja ombi kwenye simu, mteja anaweka PIN, na uthibitisho unatoka M-Pesa moja kwa moja hadi kwenye mfumo wa duka. Utapeli wa ujumbe bandia unakosa pa kupita. Kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama.

Serikali nayo imesukuma. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki katika hesabu za kodi. Anayetoa ankara chache anaweza kutumia tovuti ya KRA. Anayetoa mamia kwa siku, bila kuunganisha mfumo wake atazama kwenye kuandika.

Wanaosita wana hoja nzito, nami siwaoni kuwa watu waliopitwa na wakati. Wengi hutaja bei ya fundi, lakini hoja kubwa zaidi ni ya mamlaka. Mwenye API ndiye mwenye kupanga masharti. Mwaka 2018 Google ilibadilisha bei za huduma zake za ramani, na waliokuwa wakizitumia karibu bure wakaanza kupokea bili. Februari 2023 Twitter ikatangaza kuondoa matumizi ya bure ya API yake, na programu nyingi ndogo zilizoitegemea zikafungwa. Ikiwa hao walishindwa kujadiliana, duka la Kongowea litajadiliana vipi?

Kuna na suala la intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, ambazo zote zinafika Mombasa, ziliharibika, na mtandao ukazorota Kenya na nchi jirani. Mfumo unaotegemea seva ya ng'ambo kwa kila hatua, siku kama hiyo unasimama na foleni ya wateja. Usalama pia haupuuziki: Januari 2023 T-Mobile ya Marekani ilitangaza kwamba data za wateja wapatao milioni 37 zilichukuliwa kupitia API moja. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana pia mwenye biashara aliyepewa data na wateja wake, hata kama kosa ni la fundi aliyeacha nywila wazi.

Nikipima yote, naona malipo na ankara viunganishwe sasa, kwa sababu hapo makosa ya mkono yanagharimu pesa kila siku. Orodha ya wateja na bei za jumla zibaki ndani hadi mkataba uandike mambo matatu: taarifa ya mabadiliko ya bei itolewe miezi mingapi kabla, nani anashika funguo za API, yaani nywila za kuunganisha mifumo, fundi akiondoka, na data itarudishwa kwa muundo gani mkataba ukivunjika. Na keshia afundishwe kuuza kwa kitabu cha risiti, maana kuna siku mtandao hautakuwepo na mteja atakuwa amesimama mbele yake.