Zakayo hakuishia kutubu

Parokia na sharika nyingi za Dar es Salaam zimeizoea safari ya Bagamoyo. Basi linakodiwa, kilometa sabini hivi, ibada kwenye misheni ya kale, picha penye msalaba, kisha samaki ufukweni. Mtembeza wageni anaeleza kuwa Waarabu waliuza watu, na mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika 1868, wakawakomboa. Watu wanaitikia amina, wanapanda basi. Simulizi hilo si la uongo, ila limekatwa pale panapotufaa sisi Wakristo.

Kilichokatwa ni kirefu. Mwaka 1452 Papa Nicholas V, kwa hati ya Dum Diversas, alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia Waislamu na wapagani utumwani daima. Kule Barbados, shirika la kimisheni la Kianglikana lilimiliki mashamba ya miwa ya Codrington, na watumwa wake walichomwa chapa kifuani yenye jina la shirika hilo. Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watu 272 mwaka 1838, wazee kwa watoto. Na Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833, ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Walipwaji walikuwa wenye watumwa, wakiwamo watu wa kanisa. Mtumwa mwenyewe hakupewa kitu.

Hata Bagamoyo penyewe, waliokombolewa, wengi wao watoto, walikaa katika kijiji cha misheni wakilima mashamba ya misheni kwa kufuata kengele. Sisemi mapadre walikuwa sawa na madalali wa soko la Unguja. Nasema mtu anayekombolewa halafu anapangiwa kazi, ibada na hata ndoa bado ana swali la kuuliza, na swali hilo halisikiki kwenye hija zetu.

Lile neno "Waarabu" nalo linaficha mengi. Msafara wa watumwa wa karne ya 19 ulikuwa na Waswahili wa pwani, ulikopeshwa fedha na Wahindi wa Unguja, uliuziwa mateka na machifu wa bara, na ulibeba bunduki kutoka Ulaya. Mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alikwishaingia mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa kweli anayetaka kuona bandari iliyolisha soko la Unguja kuliko nyingine aende Kilwa Kivinje. Bagamoyo ilikuwa zaidi mji wa pembe za ndovu na wapagazi. Wajerumani nao walitawala hadi wakaondoka bila kuufuta utumwa. Tanganyika ilisubiri sheria ya Waingereza ya 1922. Ukisimulia haya yote, jirani yako Mwislamu wa Kariakoo anaweza kukaa kwenye benchi moja nawe na kusikiliza. Ukiyakata, umemgeuza mshtakiwa ndani ya nyumba yako ya ibada.

Mimbarani kuna kosa jingine la zamani: "laana ya Hamu", yaani dai kwamba watu weusi ni uzao wa Hamu uliolaaniwa kuwa watumwa. Fungua Mwanzo 9:25. Aliyelaaniwa ni Kanaani, na aliyelaani ni Nuhu, ametoka kulevuka. Hakuna rangi ya ngozi pale. Afadhali asomewe mtu Kutoka 21:16, ambapo mwenye kumwiba mtu na kumwuza anahukumiwa kifo, au 1 Timotheo 1:10, ambapo "waibao watu" wamepangwa safu moja na waongo na waapao uongo.

Baada ya kusoma, tufanye nini? Biblia ina kipimo. Hesabu 5:7 inadai kuungama, kurudisha kilichochukuliwa, na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alijipangia kurudisha mara nne. Kanisa la Uingereza lilitangaza mfuko wa pauni milioni 100 mwaka 2023, baada ya kukagua vitabu vyake vya hesabu na kukuta fedha zilizowekezwa katika kampuni ya biashara ya watumwa. Naipenda hatua ile ya vitabu kuliko ile ya fedha, kwa sababu ukaguzi hata usharika wa Mbagala unauweza.

Nasi tukague kilicho chetu, yaani dada wa kazi. Wengi huletwa mjini na mtu anayelipwa kwa kuwaleta, simu huwekwa kabatini, mshahara hutumwa kwa mjomba kijijini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, inataka maelezo ya kazi kwa maandishi, saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Jumuiya ipite nyumba kwa nyumba na karatasi yenye mistari minne: umri, mshahara na nani anaupokea, siku ya mapumziko, simu iko kwa nani. Penye deni la mshahara, lilipwe pamoja na ile sehemu ya tano.

Ukaguzi huo hukwama mahali pamoja: mama mwenye nyumba ndiye anayejibu, dada kasimama mlangoni na sinia. Kwa hiyo aulizwe peke yake, na mwanamke asiye wa jumuiya ile, wala isiwe Jumapili asubuhi. Saa hizo yuko jikoni, anapika cha watakaorudi kanisani.