Deni la bomba, deni la barabara

Msimu wa korosho, dereva aliyepakia magunia Newala alikuwa na dua moja tu: mvua isimkute kabla hajafika Mnivata. Pale ndipo alipoikuta lami, kilomita 50 kabla ya Mtwara mjini. Kufika hapo turubai limeshageuka jekundu kwa vumbi, na yeye mwenyewe hivyohivyo.

Kipande hicho cha Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, serikali imekikopea Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwambie dereva yule kwamba kukopa ni kuiuza nchi, uone kama atakusikiliza.

Lakini wanaoogopa madeni si wajinga. Mwishoni mwa 2021 Job Ndugai, akiwa Spika, alionya kuwa iko siku nchi itapigwa mnada. Januari 2022 akajiuzulu. Mjadala ukawa wa nani yuko upande wa nani, hesabu zikawekwa kando. Hasara hiyo, maana sisi wa kusini mfano tunao nyumbani.

Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, zaidi ya dola bilioni 1.2, likazinduliwa Oktoba 2015. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2015/16 ikaonyesha linatumika kwa asilimia 6 hivi ya uwezo wake. Wateja wa gesi walikuwa hawajawa tayari, na deni halina desturi ya kusubiri wateja. Watetezi wake watasema bila gesi hiyo tungechoma mafuta ya kuagiza ili tupate umeme, na hapo siwapingi. Ila Mei 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wakiuliza gesi ikiondoka inawaachia nini, na umeme wa Dar si jibu la swali lile.

Wachumi wetu wanapenda kusema: kopa kwa ajili ya kitu kitakachozalisha. Mimi kanuni hiyo hainitoshi. Mwaka uleule wa onyo la Ndugai, 2021, tulikopa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) shilingi trilioni 1.3, na kwa sehemu yake yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Darasa haliuzi kitu nje. Lakini Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wameshakaa ndani, wakati bomba, ambalo ndilo la kuzalisha, lilianza karibu tupu. Swali langu kwa kila mkopo ni hilo: siku ya kukabidhi mradi, mtumiaji yupo mlangoni?

Kwa barabara ya Newala yupo, tena amesubiri miaka. Na korosho inaleta dola, sarafu ileile ya kulipia madeni ya nje. Kinachonikera ni kwingine. Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi ilirudi kuhudumia zao lenyewe. Mwaka huo Bunge likaupeleka wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo mkulima wa Newala alishaanza kuchangia madeni ya nchi akiwa bado anakula vumbi.