Shemeji, Siwezi Kushuka

Viatu vya baiskeli za mbio vina kipande cha plastiki chini ya soli, kimekazwa kwa skrubu tatu. Kipande hicho hunasa kwenye pedeli. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwa nje, kinaachia, unaweka mguu chini, unaendelea na heshima zako. Ila skrubu mbili zikidondoka njiani bila kuaga, kisigino kitazunguka, kiatu kitazunguka, na plastiki itabaki palepale kwenye pedeli kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Elimu hii niliipata juu ya Col du Télégraphe, mita 1,566, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa. Tulitoka Saint-Michel-de-Maurienne asubuhi, mimi na shemeji, karibu kilomita 12 za kupanda tu, na mlima Galibier bado unatusubiri mbele. Shemeji alinitangulia kufika. Nilimkuta simu mkononi.

"Simama hapo kwenye kibao, shemeji, nikupige picha!"

Nikafunga breki, nikazungusha mguu wa kulia. Wapi! Nikazungusha tena kwa nguvu. Mwendo umekwisha, na mwili kwa mazoea umeshaegemea kulia. Sasa, kuanguka ukiwa na kasi ni ajali, watu watakuonea huruma. Kuanguka ukiwa umesimama ni maigizo. Muda unao wa kutosha: nilimwona mama mmoja akiacha kutafuna, nikamwona mtoto akimvuta baba yake mkono ili asikose. Nilikwenda chini polepole, usukani nimeushika kwa adabu zote, kikatangulia kiwiko, ikafuata nyonga, mwisho helmeti ikagonga lami, ko! Nikalala pale, baiskeli juu yangu, mguu wa kulia bado uko kazini.

"Nipe mkono basi, shemeji."

Kumbe nimemwomba mtu wa historia. "Unajua," akasema huku akiendelea kupiga picha, "mwaka 1913 mwendesha baiskeli Eugène Christophe alivunjikiwa foki, ule uma wa gurudumu la mbele, akishuka mlima Tourmalet. Akabeba baiskeli begani, zaidi ya kilomita kumi, hadi kwa mhunzi. Akaitengeneza foki kwa mikono yake mwenyewe, maana sheria za Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, zilikataza msaada. Kijana akamvukutia moto kidogo tu, basi, Christophe akaadhibiwa. Sasa mimi nikikushika mkono..."

Nilijinasua kwa kufungua kamba na kuuchomoa mguu. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikakivuta, nikakitikisa, nikakigonga na jiwe. Skrubu ya tatu ilikuwa imejificha katikati ya soli na pedeli, hakuna spana inayofika. Sikuwa na la kufanya ila kupanda baiskeli na kuingiza mguu ndani ya kiatu kilichokwisha kujipangia mahali pake.

Valloire, kijiji cha njiani kabla ya Galibier, lazima wapo mafundi, sikatai. Tatizo ni kwamba kwenda kwa fundi kunahitaji kusimama, na hamu ya kusimama mbele za watu ilikuwa imeniisha. Tukapita.

Kutoka hapo kupanda Galibier ni kama kilomita 18, na ukishavuka Plan Lachat barabara inaacha utani kabisa. Kiatu kilichoshikwa na skrubu moja hucheza: kila nikikanyaga, kisigino kinakwenda huku, goti linakwenda kule. Shemeji mbele yangu ananihadithia kwamba Tour ilipita hapa mara ya kwanza mwaka 1911, kwa baiskeli nzito, njia yenyewe ya udongo. Pumzi ya kuhadithia anaitoa wapi, mimi sijui. Akaongeza kwamba Bernard Hinault alishinda Tour ya 1985 akitumia pedeli za kunasa kama hizi zangu.

"Na kushuka aliweza?" nikamuuliza.

Kileleni, mita 2,642, upepo unapiga makofi. Safari hii nilikuwa na akili: nikaegemea kushoto, mguu wa kushoto chini, nikafungua kamba, nikauchomoa wa kulia. Nikaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye kibao, na soksi bado iliona maji ya theluji. Mzee mmoja akanigusa bega, akaninyooshea kidole kule kwenye baiskeli, kwa upole mwingi: nimesahau kiatu changu. Nikamshukuru sana.

Tukiteremka upande wa pili, shemeji akasimama tena. Mnara wa Henri Desgrange! Huyu ndiye bwana mkubwa wa Tour de France enzi zile, zama za sheria zilizomwadhibu Christophe. Nikavua tena, nikaenda kumwamkia nikiwa na soksi. Angeniona angefurahi, nilikuwa sijasaidiwa na mtu tangu asubuhi.

Kutoka njia panda ya Lautaret, chini ya Galibier, ni mteremko hadi mji wa Bourg d'Oisans, tukafika jioni. Pale tulipofikia, kijana wa mapokezi aliniona naingia na soksi moja, nasukuma baiskeli kuelekea ngazini.

"Samahani, bwana, baiskeli haziruhusiwi vyumbani."

"Hii si baiskeli," nikamwambia. "Hiki ni kiatu changu."