Dirisha la daraja A si zuri kila mahali: soma namba, achana na herufi

Mi naona hizi herufi za A, A+ na A++ zinazobandikwa kwenye madirisha zinapoteza watu wengi, na sio kwamba waliozitunga walikuwa na nia mbaya, hapana, ni kwamba herufi moja haiwezi kubeba habari yote ya dirisha. Friji inaweza. Friji popote utakapoiweka kazi yake ni ileile, kupoza, kwahiyo ukiambiwa hii ni A na ile ni D umeshamaliza. Dirisha linafanya kazi nne kwa wakati mmoja: linazuia joto lisipite kati ya ndani na nje, linaruhusu joto la jua, linaleta mwanga, na linaziba upepo usipenye pembeni. Na hapo kwenye joto la jua ndo pana shida, maana kwa mtu wa baridi ni neema na kwa mtu wa nchi ya joto ni mateso.

Chukua mfumo wa Uingereza, ule wa BFRC, yaani baraza lao la kupima madirisha. Herufi yao inatoka kwenye hesabu moja tu. Wanachukua sehemu ya joto la jua inayopita kwenye dirisha wanazidisha kwa 218.6, halafu wanatoa joto linalopotea, yaani U ya dirisha (kipimo cha joto linalopenya, nakieleza hapo chini) ukijumlisha na uvujaji wa hewa, mara 68.5. Jibu linasomwa kwa kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa mwaka, likifika sifuri unapewa A, likifika 10 ni A+, likifika 20 ni A++. Sasa angalia kinachotokea hapo: jua linaloingia linaongeza maksi! Kwa nyumba ambayo sehemu kubwa ya mwaka inawasha hita hiyo hesabu iko sawa kabisa na sina ugomvi nayo, ila ukilichukua dirisha hilohilo la A++ ukaliweka kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana mahali pa joto, kile kilicholipa maksi ndo kitakachofanya kiyoyozi kisipumzike.

Ndo maana mi napenda zaidi lebo ya NFRC, baraza la Marekani la kupima madirisha, wale walianza mwaka 1989, lebo yao haina herufi ya ubora kabisa, ina namba tu. Ya kwanza ni U, inasema wati ngapi zinapita kwenye kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje, na ikiwa ndogo ndo nzuri. Kioo kimoja cha kawaida kina U ya karibu 5.7, vioo viwili vya kawaida karibu 2.8, na ukiweka mpako wa low-E (tabaka jembamba sana linalorudisha joto) na gesi ya argoni katikati unashuka mpaka kwenye 1.2 hivi. Ya pili ni SHGC, kuanzia 0 hadi 1, ni sehemu ya joto la jua inayoingia ndani. Halafu kuna ya mwanga unaopita na ya uvujaji wa hewa.

Hebu tupige hesabu ndogo, kwa sababu hapa ndo watu wanashtuka. Nje ni joto kuliko ndani kwa digrii 10, kioo ni kimoja cha kawaida: mita moja ya mraba inapitisha wati kama 57 kwa sababu ya hiyo tofauti. Sasa jua likipiga kioo hichohicho kwa wati 600 na SHGC yake ni 0.85, zinaingia wati 510. Mia tano na kumi kwa hamsini na saba! Ukibadilisha kioo kikawa cha SHGC 0.25 jua linaingiza wati 150 tu. Kwahiyo mtu wa nchi ya joto anayehangaika na U peke yake anaacha mlango mkubwa wazi anaziba tundu la funguo.

Energy Star, alama ya Marekani ya bidhaa zinazookoa nishati, imelielewa hili, nchi wameigawa kanda nne, na kwa vigezo vilivyoanza Oktoba 2023 dirisha la kanda ya kusini SHGC yake isizidi 0.23, wakati kaskazini wameweka kiwango cha chini, isipungue 0.17, yaani wanataka jua kidogo liingie. Na Australia kwenye mfumo wao wa madirisha, WERS, wanatoa nyota za kupasha joto na nyota za kupoza kila moja peke yake. Kama lazima tuwe na alama rahisi basi iwe hivyo, mbili, sio moja.

Angalia na vipimo vyenyewe. U ya Wamarekani mara nyingi imeandikwa kwa futi na fareinhaiti, inabidi uizidishe kwa 5.68, kwahiyo 0.30 yao ni 1.7 ya huku kwingine, na mtu akilinganisha 0.30 na 1.4 bila kujua hilo ataona la kwanza ni maajabu kumbe ndo lililo dhaifu.

Kinachoniudhi zaidi lakini ni wauzaji wanaokutajia U ya katikati ya kioo kana kwamba ni ya dirisha zima. Kuna fremu! Aluminiamu inapitisha joto takriban mara elfu moja kuliko mbao, kwahiyo kioo cha 1.1 ukikitia kwenye fremu ya aluminiamu isiyo na kikatiza joto ndani yake (kipande kisichopitisha joto kirahisi), dirisha zima linakuwa na namba nyingine kabisa, mbaya. Uliza hivi: hii namba ni ya kioo au ya dirisha lote na fremu yake? Akisitasita ujue ni ya kioo. Na hata ile ya dirisha zima imepimwa kwa saizi maalumu ya maabara, kidirisha kidogo cha bafuni kina fremu nyingi kuliko kioo kwahiyo hakitafikia namba hiyo.

Kioo cheusi nacho kisikudanganye. Weusi unakula mwanga, na kioo kinachokula joto la jua chenyewe kinapata moto na sehemu ya moto huo kinaurudisha ndani. Karibu nusu ya nishati ya jua macho hayaioni, na mpako mzuri wa low-E unaizuia hiyo huku mwanga unapita, kwahiyo tafuta SHGC ndogo na namba ya mwanga kubwa kwa pamoja.

Milango ni rahisi zaidi. Mlango usio na kioo wenye povu ndani unafanya vizuri sana, U inapanda kadiri kioo kinavyoongezeka, na raba za pembeni na za kizingiti ziwe nzima. Lebo haijui fundi wako ameziba vipi kati ya fremu na ukuta, na haijui kama nje kuna kivuli.

Na stika usiibandue kabla hujaipiga picha pamoja na namba ya bidhaa. Low-E haionekani kwa macho, kioo kimoja kikija kuvunjika miaka ya mbele fundi anaweza kukuwekea cha kawaida na usijue tofauti, ila ukiwa na ile picha unamwonyesha namba unamwambia lete hiki.