Kitako Baridi Kuliko Antaktika

Nilitaka jambo dogo tu: kujua kitako cha plastiki kinachoshikilia mota kinapata joto kiasi gani kwa ndani, maana plastiki yake, PLA, ikifika nyuzi 60 hivi huanza kulegea kama mtu aliyeambiwa kazi imeongezeka. Nikaamua kihisi cha joto kizikwe humohumo wakati printa ya 3D inachapa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Unaacha shimo, unaiamuru printa isimame ikifika tabaka la 40, unatumbukiza kihisi, nyaya unazitoa ubavuni, kisha printa inaendelea kufukia. Sharti ni moja: kihisi kisichomoze. Changu kilichomoza unene wa ukucha. Nozeli, yaani mdomo wa printa unaomimina plastiki, moto nyuzi 200 na macho haina, ikakinyakua ikaenda nacho kama mwewe na kifaranga. Nilipiga kelele. Printa haina masikio pia.

Mara ya pili nikachimba shimo la kutosha, nikakibana kihisi kwa tone la gundi, nikakaa kulinda saa sita nzima. Kitako kikatoka laini, nyaya tatu zikining'inia kama mikia ya panya. Nikaunganisha. Kompyuta ikasoma: -127.

Baridi kali kuliko zote kupimwa juu ya ardhi ni nyuzi -89.2, kituo cha Vostok, Antaktika, mwaka 1983. Na kitako changu kilikuwa bado na uvuguvugu mkononi! Nikakipuliza. Nikakitikisa. Nikakibembeleza. -127.

Basi nikakata shauri kuwa kihisi kimeungua humo ndani, nikachukua msumeno wa chuma. Nilikata polepole, kwa adabu zote, mpaka msumeno ukalia mlio usio wa plastiki.

Ndipo mwenzangu wa karakana akaingia. Kitako hakukitazama. Alitazama meza.

"Na hii rizista ya kilo-omu 4.7 inangoja nini hapa?"

Rizista hiyo, kipande kidogo cha kuzuia umeme, hukaa kati ya waya wa data na waya wa umeme. Isipokuwepo, kihisi hakisikiki, na programu huandika -127. Wala si joto. Ni programu inasema nimepiga hodi, hakuna aliyeitikia.

Nikamwambia nilikuwa naiweka akiba.

Akaokota kitako, akakichunguza kihisi kilichopasuliwa katikati, nusu kwa nusu, bila kukosea hata kidogo.

"Lakini shabaha unayo," akasema.