Ngeli Iliyoniponza Mbele ya Mama Mkwe

Naomba nianze kwa kukanusha. Sifugi nyoka. Sijawahi kufuga nyoka, wa mapambo wala wa utajiri, na hao kumi na watano wanaotajwa katika ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye makundi ya mtaa wetu tangu Jumatatu asubuhi hawakuwahi kuwepo. Aliyeirekodi ni rafiki yangu wa miaka mingi, jirani wa ukuta mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu bado ana ngazi yangu. Wengi wenu mmeisikia, na baadhi mmeniuliza, kwa heshima zote, kama lile gari langu la Noah nimelipata kwa njia hiyo. Noah yangu, kwa taarifa yenu, ina deni. Sasa nisikilizeni na mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa ndani ya khanga.

Kilichokuwa kitandani ni vanila. Katika kihamba alichoniachia baba yangu kule Kibosho, katikati ya kahawa na migomba, nimepanda mashina thelathini na kitu ya vanila yanayopanda juu ya miti mingine kama walivyo ndugu zake wa jamii ya okidi. Asili yake ni Meksiko, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuitegemea kwa kazi ya uchavushaji, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono, asubuhi ileile linapochanua, kwa kuwa mchana likishanyauka basi tena. Mbinu ni ileile aliyoigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841: unainua kwa kijiti kile kiwambo kidogo kilicho kati ya dume na jike, kisha unavikutanisha kwa kidole gumba. Mimi hutumia kijiti cha meno. Nimewahi kuwa mshenga wa harusi nyingi, lakini siku moja kabla ya chai nilishenga maua arobaini na moja, na sikupewa hata soda.

Baada ya hapo unasubiri miezi tisa. Naomba muikumbuke hiyo miezi tisa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ganda la vanila likiwa bichi halinukii chochote. Ukilipitisha puani utadhani umeshika haragwe changa. Harufu yote hutengenezwa nyumbani, baada ya kuvuna, na hapo ndipo kazi ilipo. Unayachovya maganda katika maji ya nyuzi joto 63 hadi 65 kwa dakika tatu hivi, ili yaache kukua na ili vimeng'enya vilivyomo vianze kuiachia vanilini, yaani kile kiini cha harufu, iliyofungwa ndani. Kisha unayafunga yakiwa bado ya moto katika kitambaa cheusi, juu yake blanketi zito, yatoe jasho usiku kucha. Kesho yake yamegeuka rangi ya chokoleti. Kuanzia hapo unayaanika juani saa moja au mbili kila siku, unayafunga yangali na joto, unayalaza. Na unarudia hivyo kwa wiki moja au mbili kabla ya kuyahamishia kivulini kwa wiki kadhaa, na mwishoni ndani ya sanduku lililofungwa kwa miezi miwili au mitatu. Kilo sita mbichi hukupa kilo moja hivi iliyo tayari. Ukizembea usiku mmoja tu, yakapoa yakiwa na unyevu, ukungu unayachukua yote, na vanila yenye ukungu hakuna mnunuzi anayeitazama mara mbili.

Sasa ninyi wenyeji wa Moshi mnaujua mwezi wa Julai. Mlima umejifunika siku ya tatu, jua linachungulia na kurudi ndani, na chumba pekee chenye joto katika nyumba yangu ni kile cha wageni, kwa sababu kimeegemea ukuta wa jiko. Ndipo nilipoamua kulaza maganda yangu 380, ambayo nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe, juu ya kitanda cha wageni, ndani ya lile blanketi la sufu ambalo mke wangu, Mama Neema, huliweka kwa ajili ya wageni wa heshima. Ruhusa sikuomba. Hilo nalikiri mapema ili lisije likaonekana nimelificha.

Jumapili mchana, siku ya tisa ya jasho, niliyafunga yakiwa na joto zuri kabisa, nikalikunja blanketi mara nne likakaa miguuni mwa kitanda, nikapanda Kibosho. Nikiwa huko, mama mkwe wangu alifika kutoka Rombo. Alikuwa na miadi ya kliniki ya macho KCMC Jumatatu asubuhi, kwa kuwa kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kwamba anaona ukungu. (Ndiyo, msomaji, macho. Endelea kusoma.) Mama Neema alipotandika shuka na kuliona lile blanketi limeshatolewa kabatini, alidhani mume wake amemtolea mama yake blanketi bora la nyumba bila kuambiwa, na alinisifu kwa mzazi wake kwa maneno ambayo sijawahi kusifiwa tangu siku ya harusi. Mama mkwe naye alisema chumba kinanukia keki. Niliporudi saa nne usiku, umeme umekatika, wote walikuwa wamelala, nami nikaingia kitandani nikiwa na raha ya mtu asiyejua kitu.

Saa tisa usiku baridi iliongezeka.

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu mwenyewe nimeshakurudia kichwani mara mia. Mama mkwe, kama alivyomsimulia binti yake baadaye, alinyoosha mkono gizani, akalishika blanketi kwa pembe moja, akalivuta hadi kifuani. Kitambaa cha ndani, ambacho kwa uvivu nilikuwa nimekikunja tu bila kukifunga kamba, kilifunguka. Vanila ya siku ya tisa si ngumu wala si laini: inapinda kidoleni bila kukatika, ina mafuta kwa juu, ina urefu wa sentimita kumi na tano hadi ishirini, na kwa kuwa imelala karibu na ukuta wa jiko, ina uvuguvugu wa kitu kilicho hai. Ilimmiminikia taratibu, kutoka begani hadi magotini. Mwanzoni alinyamaza, akidhani ni mikunjo ya shuka. Kisha ganda moja likateleza likaingia shingoni mwa gauni la kulalia. Alipapasa kitochi chake, akakiwasha, akajimulika kifuani.

"Ruwa wangu! Nyoka! Baba Neema! Watoto wa nyoka!"

Niliruka. Mkono wangu ulishika nguo ya kwanza iliyokuwa karibu, na nguo hiyo ilikuwa khanga ya mke wangu. Nilijifunga huku nakimbia, na ni baadaye tu nilipoelezwa kwamba maandishi yake, yaliyotanda vizuri kabisa upande wa nyuma, yalisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone".

Nilifungua mlango nikamkuta mama mkwe amesimama juu ya kitanda, gauni amelipandisha hadi magotini, kiatu mkononi. Kwa mila zetu kuna mambo ambayo mkwe hapaswi kuyaona kwa mkwe wake, na kwa sekunde hizo mbili kila mmoja wetu alikuwa ameyaona yote ya mwenzake. Kisha alishusha kiatu. Kilitua katikati ya ganda lililonyooka, lisilo na kovu, la daraja la kwanza, nami nikaziona kwa macho yangu zile mbegu nyeusi ndogo kama vumbi la baruti zikisambaa kwenye shuka nyeupe. Alikiinua tena kiatu, akilenga la pili. Ndipo nilipopiga kelele, kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani:

"Mama, usiwaue! Hao ni wangu! Nimewalea miezi tisa!"

Ndugu zangu, vanila ni maganda. Ganda, maganda; ngeli ya LI-YA. Ilinipasa kusema "usiyaharibu, hayo ni yangu", na mambo yote yangeishia pale. Lakini yeye alikuwa ameshataja nyoka, na ulimi wangu, kwa adabu ya kumfuata mkwe anapotangulia, ukaufuata upatanisho wake wa kisarufi hadi shimoni. Ngeli ya A-WA ndiyo iliyoniponza.

Kiatu kilisimama hewani. Mama mkwe alinitazama kwa muda, macho ameyafinya.

"Wako?"

"Ndiyo, mama."

"Wote hawa?"

"Wote, mama. Wako mia tatu na themanini."

Alimeza mate. "Na mwanangu anajua?"

"Hajui, mama."

Naapa nilikuwa nazungumzia blanketi.

Rafiki yangu wa ngazi alikuwa ameshafika dirishani na aliyasikia mazungumzo hayo yote, na hayo ndiyo aliyoyarekodi kwa kukumbuka, akiongeza ya kwake na, sijui kwa nini, akipunguza idadi. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Aliingia kwa mlango wa jikoni na panga, akakata maganda kumi na manne kabla sijamshika mkono. Mama Neema alikuja na taa, akaona blanketi, akaona khanga, akanyamaza. Na kunyamaza kwake, mpaka ninapoandika haya, kunaendelea. Mjumbe wetu naye alifika na koti la mvua, akanusa blanketi kwa mashaka na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni bangi, kwa kuwa mtu anayekausha kitu ndani ya blanketi chumbani huwa hakaushi mchicha. Nilimvunjia ganda moja mbele ya pua. Alivuta pumzi, akafumba macho, akaomba mawili ya kuweka kwenye chai. Nilimpa. Ningefanyaje?

Mama mkwe nilimweleza mara tatu, kwa kikombe cha maziwa niliyoyachemshia vanila yenyewe, na alitikisa kichwa kila mara kwa upole wa mtu anayemkubalia mgonjwa. Asubuhi nilimpeleka kliniki, ambako, kwa kuwa alikuwa amelala ndani ya mafuta ya vanila, akina mama wawili kwenye foleni walimwuliza anatumia manukato gani. Daktari alikuta mtoto wa jicho, akampangia siku ya upasuaji. Mama alimwambia hana haraka, kwa sababu vitu vikubwa anaviona vizuri tu, na usiku uliopita ameona.

Nilipohesabu upya, yaliyosalia mazima yalikuwa 341. Yaliyokatwa na kukanyagwa nimeyatia kwenye chupa ya sukari. Matano sijui yalikokwenda. Nimekung'uta godoro, nimepekua mapazia, sikuyapata.

Jana jioni simu iliita. Alikuwa mama mkwe, ameshafika Rombo, sauti yake imetulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Neema. Nimefika salama. Mmoja alikuwa amejificha kwenye mkoba wangu."

Nilifungua kinywa nimwambie: mama, ni ganda, sema "lilikuwa limejificha".

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Nimemuua."

"Ahsante, mama," nikajibu.